Herufi "s" mwishoni mwa kitenzi cha Kiingereza

Mtoto anayezungumza Kiswahili huanza kujifunza Kiingereza akiwa tayari anajua upatanisho wa kisarufi. Hasemi "mtoto wanacheza" wala "viti imevunjika". Kiima kikibadilika, hubadilisha mwanzo wa kitenzi bila hata kufikiri. Kiingereza nacho kina upatanisho, ila ni kidogo sana, na kwa vitenzi vingi umebaki mahali pamoja tu: herufi "s" mwishoni mwa kitenzi.

Kanuni ni hii. Tunapotaja jambo la mazoea au la kweli siku zote, na kiima kikiwa nafsi ya tatu umoja, kitenzi huongezwa "s". Nafsi ya tatu umoja ni "he", "she", "it", au nomino yoyote ambayo nafasi yake inaweza kushikwa na mojawapo ya hayo matatu. Hivyo tunasema "I cook", "you cook", "we cook", "they cook", lakini "she cooks" na "my mother cooks". "I" ni mtu mmoja, lakini haichukui "s", maana ni nafsi ya kwanza. "You" haichukui hata ukizungumza na mtu mmoja.

Kwa nini kitu kidogo hivi kinasumbua hadi sekondari? Tazama Kiswahili chenyewe kinavyoeleza mazoea: mimi hupika, yeye hupika, wao hupika. Kwenye "hu-" nafsi haionyeshwi kabisa katika kitenzi. Pale ambapo Kiswahili kimeiacha nafsi, ndipo Kiingereza kinapoidai. Mwanafunzi anayeandika "my mother cook" hajafanya uzembe, na kumwadhibu hakumfundishi chochote. Mwonyeshe tofauti hiyo.

Sababu ya pili ni kwamba "s" hiyo hiyo huonyesha wingi kwenye nomino. Mtoto akishafundishwa "boy, boys", hudhani wingi unahitaji "s" kila mahali, akaandika "the boys plays". Walimu wengi humwambia kwamba "s" ni moja tu, ikikaa kwenye nomino haikai kwenye kitenzi: "the boy plays", "the boys play". Inasaidia kwa kuanzia, lakini isiwe ndiyo kanuni, kwa sababu "the children play" haina "s" popote, na "the bus stops" ina "s" pande zote mbili. Swali la kuaminika ni lile lile: je, kiima hiki naweza kukibadilisha kwa "he", "she" au "it"? Mtoto apigie mstari kiima, aandike kiwakilishi juu yake kwa penseli, kisha ndipo aandike kitenzi.

Kipimo hicho kifanywe kwa Kiingereza, si kwa ngeli zetu. Hapa ndipo hata wanaojua hukosea. Maji kwetu "yanachemka", kama mambo mengi, lakini "water" ni "it": "water boils". Maziwa na mafuta ni hivyo hivyo. Nywele "zinakua", Kiingereza husema "her hair grows". Kinyume chake, suruali moja kwetu ni umoja, lakini "trousers" ni "they", na mkasi pia: "the scissors are on the table". "People" haina "s" ya wingi, ila ni wingi: "people say". Kwenye "everybody" Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa husema "kila mtu anajua", nacho Kiingereza husema "everybody knows".

Kosa jingine la jirani ni "my father he works". Linatokana na "a-" ya "anafanya": mtoto anatafuta pa kuiweka, akaipa jina "he". Mweleze kwamba "he" si kiambishi. Ni neno linalokaa kwenye kiti cha "my father", na kiti hicho hakikaliwi na wawili.

Kwenye swali na ukanushi, "s" huhamia kwenye neno saidizi: "Does she cook?", "She doesn't cook". Ikishahamia, kitenzi kikuu hubaki kitupu, kwa hiyo "Does she cooks?" ni kosa. Nayo maneno "can", "must", "will" na "should" hayapokei "s" kamwe, wala kitenzi kinachoyafuata: "she can swim".

Tahajia ina mabadiliko machache. Baada ya "s", "sh", "ch", "x", "z" au "o" tunaongeza "es": "washes", "teaches", "goes". Konsonanti ikitangulia "y", hiyo "y" huwa "ies": "carries", "studies". Irabu ikitangulia, hakuna kinachobadilika: "plays", "buys". "Have" huwa "has". "Be" ina njia yake, "am, is, are", na ndicho kitenzi pekee kinachopatanishwa hata wakati uliopita: "was, were". Katika matamshi, "cooks" na "helps" huishia kwa sauti ya s, "runs" na "reads" kwa z, na "washes" huongeza silabi nzima. "Says" hutamkwa "sez".

Sentensi ndefu ziachwe mpaka mtoto ashike hizi fupi. Zikifika, mtego ni nomino iliyo karibu na kitenzi. Katika "One of the boys runs fast", anayekimbia ni "one", si "boys". Katika "The man with the goats lives here", anayeishi hapa ni "the man". Mwambie mtoto afunike kwa kidole maneno "of the boys" au "with the goats", asome yaliyobaki, ndipo aamue kuhusu "s".