Geuza kopo usome nyuma: unga wa protini baada ya opresheni ya kupunguza uzito

Mama mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, aliingia ofisini kwangu amebeba kopo kubwa kwa mikono miwili. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu arudi kutoka Dar es Salaam alikofanyiwa opresheni ya kupunguza mfuko wa chakula. Kopo alinunuliwa na mwanawe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, daktari. Nakunywa kila siku kama nilivyoambiwa, lakini nguvu sina. Nikimaliza kikombe moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, inabidi nilale.”

Nikaligeuza kopo. Mbele lilikuwa na picha ya kijana mwenye misuli na neno protini kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa maandishi madogo ya kukodolea macho: kipimo kimoja gramu 150, protini gramu 24, wanga gramu 115, na sehemu kubwa ya wanga huo ni sukari. Ulikuwa unga wa kunenepesha, ule wanaotumia vijana wa jimu wanaotaka kuongeza mwili. Mwanawe aliomba unga wa protini dukani, akapewa ulioandikwa protini.

Nimeona makopo ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike.

Kwanza tuelewane kuhusu opresheni yenyewe, maana huku mtaani kila aliyefanyiwa husemwa “amekatwa utumbo”. Zipo aina mbili zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, kama robo tatu au hata asilimia 80 ya mfuko wa chakula huondolewa, kinachobaki ni kifuko chembamba chenye umbo la ndizi, na utumbo hauguswi. Katika ya pili hutengenezwa kifuko kidogo sana, cha takriban mililita 30, kisha kinaunganishwa na utumbo mdogo mbele zaidi, chakula kinaruka sehemu ya mwanzo. Vyovyote iwavyo, nafasi imekuwa ndogo mno, ilhali mwili bado unadai protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Ukikosa, uzito utashuka kweli, lakini utashuka pamoja na misuli. Ndiyo ile hali ya mtu kupungua halafu hawezi kupanda mlima wa kutoka stesheni hadi sokoni bila kupumzika.

Kwa hiyo ninapochagua unga, swali langu la kwanza ni moja: katika gramu 100 za unga huu, protini ni gramu ngapi? Hesabu ni nyepesi. Chukua gramu za protini, gawanya kwa gramu za kipimo, zidisha kwa 100. Kopo la yule mama: 24 kwa 150, asilimia 16. Unga mzuri una kipimo cha gramu 30 chenye protini gramu 24 au 25, yaani asilimia 80 na zaidi. Gramu za protini ni zilezile, ila unga mmoja unaingia kwenye glasi ndogo na mwingine unahitaji karibu nusu lita ya uji mzito mtamu. Tumbo la mililita 100 halina pa kuuweka.

Swali la pili ni sukari. Isizidi gramu 5 kwa kipimo. Sukari nyingi ikishuka kwa kasi kwenye utumbo mdogo huvuta maji, na ndipo yanapokuja yale mapigo ya moyo, jasho, tumbo kukata na kuhara. Aliyefanyiwa aina ya pili huteseka zaidi, ingawa yule mama alikuwa wa aina ya kwanza na alikiona.

Swali la tatu ni protini imetoka wapi. Protini ya wei hutokana na yale maji yanayojitenga maziwa yanapoganda, na ndiyo ninayoanza nayo. Iko ya konsentreti, ambayo ni nafuu lakini bado ina sukari ya maziwa, na ya aisoleti, iliyochujwa zaidi. Watu wazima wengi wa kwetu wakinywa maziwa tumbo linajaa gesi. Baada ya opresheni hali hiyo huzidi, basi kwao nasema aisoleti au soya iliyochujwa. Kolajeni naikataa waziwazi. Inauzwa kwa sifa za ngozi na kucha, lakini imekosa kabisa triptofani, asidi amino (kijenzi cha protini) mojawapo ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo usiihesabu katika zile gramu 60.

Kuchanganya nako kuna namna yake. Usimwage unga wa wei kwenye uji unaochemka. Unaganda mabonge, na bonge likikwama kwenye kifuko kipya ni kutapika. Epua, subiri hadi uweze kushika kikombe bila kuungua, ndipo ukoroge. Kunywa kwa kidogokidogo, nusu saa ni sawa.

Sasa uji wa lishe. Najua upendo uliomo humo, shangazi ameamka alfajiri kuchanganya mahindi, ulezi, soya na karanga. Lakini kikombe kidogo kinabeba kama gramu 20 za unga, na protini yake haizidi gramu 3 au 4. Unajaza tumbo, unaziba nafasi.

Na sisi wa Kigoma tuna dagaa. Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika wana protini takriban asilimia 60. Gramu 10 tu zinakupa 6, sawa na yai. Daktari akisharuhusu vyakula vilivyosagwa, nunua walioanikwa kwenye vichanja, si wa mchangani. Mchanga unausikia kwenye jino, na kifuko kilichoshonwa juzi hakiuhitaji. Toa vichwa, osha maji mawili matatu, kausha, kaanga bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, saga, kisha pitisha kwenye chekecheo. Nyunyiza kwenye maharage yaliyopondwa au supu ya samaki aina ya mgebuka. Nilipomwambia yule mama alicheka: “Kumbe nimepita Kibirizi, kwenye dagaa, kila siku nikienda kutafuta kopo!” Hata hivyo sikumwachisha unga. Kwa miezi ya mwanzo dagaa peke yao hawatoshi, tumbo halipokei kiasi hicho. Tulimtafutia kopo dogo, akawa anakunywa vipimo viwili kwa siku, gramu 48, na dagaa na yai wakamalizia.

Unga wa protini hauchukui nafasi ya vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ulivyoandikiwa. Mwenye ugonjwa wa figo asianze unga wowote kabla ya kuonana na daktari wake. Na anayetapika siku mbili tatu mfululizo asibadilishe ladha ya unga, arudi hospitali, kwa sababu kutapika huko huleta upungufu wa vitamini B1, nao huweza kuharibu mishipa ya fahamu haraka.

Ukiwa hapa mjini, lilete kopo kabla hujalifungua. Ile karatasi ya mdomoni ikishachanika, duka halirudishi pesa.