Je, wajua kwa nini gari hutetemeka baada ya kupandishwa springi?

Springi na shokapu mpya zimefungwa, gari limepanda sentimita 5, na kwenye barabara ya vumbi halina neno. Likishika lami na kufika kilomita 80 kwa saa, sakafu inavuma na kiti kinatetemeka. Mara nyingi hapo hakuna kilichokatika. Kilichobadilika ni pembe za propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka transfa (sanduku la gia la 4x4) hadi difu ya ekseli. Na dawa inayotolewa haraka gereji, yaani kuinua pua ya difu (upande inapofungwa propela) ili itazame transfa, kwa magari mengi huzidisha ugonjwa.

Propela ya kawaida ina krosi mbili (viungo vinavyopinda), moja kila ncha. Krosi iliyopinda haipitishi mzunguko kwa mwendo ulio sawa. Shafti ya transfa inazunguka kwa kasi moja, lakini propela inakimbia kidogo na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ikipinda nyuzi 3, kasi hupanda na kushuka kwa asilimia 0.14 tu. Ikipinda nyuzi 10 hufika asilimia 1.5. Mtikisiko hufuata mraba wa pembe: pembe ikizidi mara mbili, mtikisiko unazidi mara nne.

Krosi ya pili ndiyo inayoufuta mtikisiko huo kabla haujafika kwenye difu, ila kwa sharti kwamba pembe za krosi zote mbili zilingane. Tofauti ikizidi nyuzi 1, mtikisiko unaanza kupenya. Kwa hiyo pinioni, shafti inayotokeza kwenye pua ya difu, haitakiwi kuitazama transfa. Inatakiwa iwe sambamba na shafti ya transfa. Chukua mfano: shafti ya transfa imeinama kuelekea nyuma kwa nyuzi 3, propela imelala kwa nyuzi 9, na pinioni nayo ipo kwenye nyuzi 3. Krosi ya mbele inapinda 6, ya nyuma 6, gari limetulia. Fundi akiinua pua ya difu mpaka pinioni iwe kwenye nyuzi 7, krosi ya nyuma inabaki na 2. Kwa macho imenyooka vizuri, lakini 6 na 2 haziwezi kufutana.

Kuitazamisha difu kwenye transfa ni sahihi kwa propela ya aina nyingine, ile yenye krosi mbili zilizounganishwa pamoja upande wa transfa. Hiyo hujisawazisha yenyewe huko juu, na krosi ya upande wa difu inatakiwa ikae karibu na sifuri. Kwa hiyo chungulia chini ya gari ujue una propela gani kabla hujaagiza kabari za kugeuza pembe ya difu.

Urefu wa propela nao una neno. Sentimita 5 za kupanda huongeza karibu nyuzi 3 kwenye propela ya mita 1, na karibu nyuzi 5 kwenye propela ya sentimita 60. Ndiyo maana magari mafupi huteseka zaidi.

Lakini usipime chochote kabla ya kuthibitisha kwamba ni propela. Springi mpya mara nyingi hufungwa pamoja na matairi mapya, na tope lililoganda ndani ya rimu linatosha kutikisa gari zima. Chukua Land Cruiser mkonga yenye matairi ya 7.50R16 na difu ya uwiano wa 4.1 (propela huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa tairi). Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi huzunguka kama mara 9 kwa sekunde, propela kama mara 37, na mtikisiko wa pembe za krosi, kwa kuwa hutokea mara mbili kila mzunguko, hufika kama 73. Programu ya simu ya kupima mitetemo inaweza kukuonyesha namba ipi imejitokeza. Karibu na 9, kabalansi matairi. Karibu na 37, propela imepinda, imepoteza uzani wa balansi, au krosi imelegea. Karibu na 73, ni pembe.

Bila simu, jaribu hivi: shika kasi inayotetemesha, kisha badili gia bila kubadili kasi. Mtetemo ukibaki palepale, injini haihusiki. Halafu achia mafuta. Difu ya nyuma huinua pua gari linapovuta, kwa hiyo mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia huashiria pinioni iliyo juu mno. Kinyume chake huashiria iliyo chini mno. Kwenye gari lenye habu za kufunga kwa mkono, funga habu ukiwa kwenye 2H (kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu) ili propela ya mbele izunguke, kisha zifungue. Tofauti ikionekana, tatizo lipo mbele. Kwenye gari la 4x4 ya muda wote, kama Land Cruiser 80 nyingi au Defender ya zamani, toa propela ya mbele, funga loki ya difu ya kati, ujaribu tena. Weka vizuizi kwenye magurudumu kabla ya kuingia chini: breki ya mkono ya Defender hiyo ya zamani hufanya kazi kupitia transfa, si kwenye magurudumu.

Pembe hupimwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, mahali tambarare, na mzigo wake wa kawaida. Gari la utalii linaloshiba abiria na mizigo linaweza kutetemeka likiwa tupu na kutulia likijaa. Ukilipima tupu utarekebisha gari lisilokuwepo barabarani.

Kwa springi za mabamba, kabari za chuma za nyuzi 2 au 4 hutosha. Za alumini husagika kwenye njia mbovu. Upande mnene uende wapi hutegemea springi ipo juu au chini ya ekseli, kwa hiyo pima tena kabla ya kukaza yuboliti (bolti zinazobana ekseli kwenye springi). Kwa koili, tumia mikono ya juu inayorekebishika. Angalia sana Land Cruiser 80: bushi za kurudisha kasta (mlalo wa mhimili wa usukani) ya mbele huishusha pinioni ya mbele zaidi, usukani ukapona na propela ikaugua. Hilux yenye propela ya vipande viwili hutetemeka hasa wakati wa kuondoka. Shusha senta beringi (inayoshika propela katikati) kwa vipande vya milimita 10 hadi 15.

Pembe zikiwa sawa lakini kubwa, bado propela yenyewe inakimbia na kupunguza katikati. Jedwali la Spicer, watengenezaji wa propela, huruhusu karibu nyuzi 8.7 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, na chini kidogo ya 6 kwa 3,000. Ukivuka hapo, kabari hazitoshi: shusha transfa kidogo au funga propela ya krosi pacha, ile yenye krosi mbili zilizounganishwa.

Kabla ya kutenganisha propela, piga mstari wa rangi kwenye sehemu inayoteleza, ili irudi kwenye meno yaleyale. Na baada ya kilomita 500, kaza yuboliti tena.