Kanisa Kuu la Chartres: Jinsi Kuta Zilivyoupisha Mwanga

Mwezi Juni 1194 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa kuu la mji wa Chartres, nchini Ufaransa. Inasimuliwa kwamba kilio kilizidi watu walipodhani kuwa limeungua pia vazi linaloaminika kuwa la Bikira Maria, ambalo kwa mapokeo lilitolewa na Mfalme Charles le Chauve mwaka 876 na ambalo liliwavuta mahujaji kutoka mbali. Vazi hilo lilipoonekana salama, wengi waliona ni ishara kwamba Mama wa Mungu anastahili nyumba kubwa zaidi.

Ujenzi ulianza bila kukawia, na kufikia mwaka 1220 hivi sehemu kubwa ya jengo ilikuwa imesimama. Ndiyo maana Chartres ina umoja wa sura ambao ni nadra katika makanisa ya Zama za Kati, mengi yakiwa yalijengwa kwa vizazi na vizazi. Lilitabarukiwa mwaka 1260.

Ubora wake mkubwa, kwa maoni yangu, umo katika jinsi uzito unavyobebwa. Dari ya mawe husukuma kuta kwenda nje, na kwa sababu hiyo waashi wa awali walijenga kuta nene zenye madirisha madogo. Waashi wa Chartres walitumia matao yenye ncha, ambayo hupeleka sehemu kubwa zaidi ya uzito chini kuliko pembeni, kisha wakaupokea msukumo uliobaki kwa matao mazito yaliyojengwa nje ya jengo. Aliyewahi kuona magogo yakiegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya udongo unaoinama ataielewa kanuni hii mara moja. Ukuta ulipotuliwa mzigo, madirisha ya juu yaliweza kurefushwa hadi yakakaribia urefu wa matao ya chini, chini ya dari iliyo kiasi cha mita 37 kutoka sakafuni.

Vioo vya rangi vilivyojaza nafasi hizo vingi vipo hadi leo, vikiwa na buluu inayosifika sana. Sehemu za chini za baadhi ya madirisha zinawaonyesha waoka mikate, washona viatu na maseremala wakiwa kazini, karibu kabisa na macho ya muumini aliyesimama. Mwaka 1939 vilishushwa na kufichwa ili visiharibiwe na vita.

Tangu mwaka 2009 mafundi wamekuwa wakiondoa masizi ya mishumaa na moshi kwenye kuta za ndani, kazi iliyopingwa vikali na waliolizoea giza lake. Hoja ya mafundi ina nguvu zaidi: chini ya masizi hayo yalikutwa mabaki ya rangi nyepesi ya karne ya 13, na ukuta mweupe huusambaza mwanga uleule ambao waashi walijitaabisha kuuingiza.