Eti katamarani hailali, kwa hiyo spineka iko salama? Hapana jamani

Kila mwenye katamarani, boti ya viwiliwili viwili, anayeniletea spineka iliyochanika (lile tanga jepesi la mbele la kwendea na upepo wa nyuma) hapa Entebbe ananiambia maneno yaleyale: "Lakini ssebo (bwana), boti ilikuwa imetulia kabisa, hata chai haikumwagika." Nimeyasikia mno na leo nayajibu, kwa sababu hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwamba boti ikitulia basi tanga halijazidiwa.

Boti ya hulu moja, yaani kiwiliwili kimoja, upepo ukizidi inalala, tanga linamwaga upepo, na wewe unajishikilia huku unajua kabisa mambo yamebadilika. Katamarani haikuambii kitu. Hulu zake mbili ziko mbalimbali, inakaa wima, na ile nguvu ambayo ingeilaza inaishia kwenye mlingoti, kwenye waya, kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) na kwenye pete ya pembe ya tanga, na wewe umekaa tu unakula sambusa hujui.

Ukienda na upepo wa tezi, yaani wa nyuma, ndiyo mbaya zaidi maana unaukimbia. Tuseme upepo ni noti 18 (maili za baharini kwa saa) na boti inakwenda 7 kufuata hukohuko, mwilini unasikia 11 tu, jua linawaka, raha. Sasa omo, yaani pua za boti, zichimbe kwenye wimbi mwendo ukatike, au mtu apindishe usukani kuelekea kwenye upepo, zile 18 zinarudi karibu zote kwa mara moja. Na nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo wake, inapanda kwa mraba, kwa hiyo kutoka 11 hadi 18 ni zaidi ya mara mbili na nusu, na kitambaa chenyewe ni nailoni nyepesi. Ndiyo maana naziona zimechanika namna ileile kila siku: pete nzima, utepe mzima, mshono mzima, ila kitambaa kimekatika pale tu viraka vya pembe vinapoishia. Halafu analaumiwa mshonaji. Mshono haukuwa na kosa, mzigo ndio ulizidi.

Kwa hiyo kwenye katamarani unashusha kwa namba, husubiri kusikia mwili. Weka kipimo kisome upepo wa kweli, si ule unaokupiga mwilini, chagua kikomo, kiandike kwa maka nene kwenye mfuko wa tanga ambapo kila mtu atakiona. Mimi kwa watu wawili na nailoni nyepesi nasema noti 15 linashuka, wapo watakaosema naogopa, sawa, lakini watu wawili maana yake mmoja amelala na mmoja yuko peke yake nje. Na hapa kwenye Ziwa Victoria usingoje hata hiyo namba, ukiona wingu jeusi limejipanga na maji chini yake yamebadilika rangi shusha papo hapo, dhoruba za huku hazikupi muda na nyingi zinajijenga katikati ya ziwa usiku hadi asubuhi. Jua likizama spineka iwe mfukoni. Kwa hili sibishani na mtu.

Halafu kuna jambo wengi hawalifikirii, ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Ukizoea namba za hapa halafu ukaenda Mombasa kuchukua boti mshuke na kaskazi mpaka Zanzibar, noti 15 za kule zinasukuma kuliko 15 za Entebbe. Kikomo chako kishushe.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

"Si kuna soksi?" Soksi, ule mfuko mrefu unaovutwa kulifunika tanga, inafunika tanga ambalo tayari halina upepo, haiwezi kuupokonya upepo. Kwanza elekeza boti chini ya upepo hadi spineka ijifiche nyuma ya tanga kubwa la mlingoti, legeza demani (kamba ya kuongozea tanga), ndipo uvute soksi. Ukivuta likiwa limejaa, litakunyanyua wewe.

"Lazima tanga kubwa liwe juu." Si lazima. Mnaweza kulitua kabisa mkaenda na spineka peke yake, pembe zake mbili zimefungwa kwenye omo zote mbili, mti wa kuitanulia hauhitajiki maana boti yenyewe ni pana. Otopailoti haihangaiki, na hakuna tanga la kujisugua kwenye waya za kando, ambazo kwenye katamarani zimevutwa nyuma sana. Lakini katamarani nyingi hazina waya ya nyuma na demani ya tanga kubwa inasaidia kuushika mlingoti, kwa hiyo muulize kwanza aliyeutengeneza, na kumbuka hutakuwa na pa kuificha spineka wakati wa kushusha, basi shusha mapema zaidi.

"Nina kodi ziro, inatosha." Hilo ni tanga la upepo mdogo wa ubavuni. Upepo ukija mgongoni litapigapiga tu mpaka lichakae.

"Kwenda moja kwa moja ni kuchelewa, lazima ukate pembe." Ukikata nyuzi 30 nje ya njia iliyonyooka, safari inarefuka kama asilimia 15, na mwendo lazima upande kwa kiasi hicho ndipo mfike sawa tu na aliyenyoosha. Katamarani tupu ya mashindano itaweza. Ya kwenu yenye jenereta, matangi ya maji na mikungu ya matooke, sidhani.

Na kabla hamjanunua spineka kubwa zaidi, tokeni Munyonyo, kule ziwani karibu na Kampala, mchana upepo ukiwa noti 8 hivi, mwenzako ashushe spineka peke yake mwanzo mwisho, wewe umekaa hugusi kamba wala husemi kitu. Akishindwa, tanga mlilonalo tayari ni kubwa kwenu, lileteni tulipunguze.