Je, wajua? Luteni wa jeshi la wanamaji alifuata nini Ukerewe mwaka 1877

Ukipanda meli bandarini Mwanza kwenda Nansio, unaliacha Jiwe la Bismarck nyuma yako na baada ya saa chache unashuka Ukerewe na mizigo yako. Wengi wetu tumesafiri hivyo bila kujua kwamba katika kisiwa hicho, Desemba 1877, aliuawa ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Jina lake George Shergold Smith, cheo chake luteni. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Alifuata nini?

Kwa kifupi, alifuata mashua, na mashua ndiyo iliyomponza.

Safari yake ilianzia kwenye barua. Mwaka 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, akianzia Kageye, kijiji cha ufukweni mwa Ghuba ya Speke, si mbali na Mwanza. Alipofika Buganda akakutana na mfalme wa huko, Kabaka Mutesa, kisha akaandika kuomba wamisionari waletwe. Barua ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph mjini London mwezi Novemba mwaka huohuo. Siku chache tu baadaye, mtu ambaye hakutaja jina lake aliahidi pauni 5,000, na shirika la wamisionari la Kanisa la Anglikana, CMS, likaanza kutafuta watu.

Kwa nini kiongozi awe mwanajeshi wa maji na si padri? Tazama ziwa lenyewe. Lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800. Ukitoka pwani ya kusini kwenda Buganda, nchi kavu inapotea kabisa machoni. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, na radi kali hupenda kupiga katikati ya maji usiku, watu wakiwa ndani ya vyombo. Wavuvi wanaoshusha dagaa kwenye mwalo wa Kirumba wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Na wakati huo ramani ilikuwa changa mno: mpelelezi Mwingereza John Speke alikuwa ameliona ziwa hili mwaka 1858, lakini Ulaya walibishana kwa miaka mingi kama ni ziwa moja au ni mengi, mpaka Stanley alipolizunguka. Alihitajika mtu anayeweza kupima jua na nyota akajua yuko wapi, kuunga chombo, kutweka tanga na kuongoza mabaharia.

Smith alikuwa na ujuzi huo. Alikuwa ametumikia jeshi la wanamaji hadi Afrika Magharibi, katika vita vya Waingereza na Waashanti, na huko homa ikamshika ikamdhuru macho. Aliacha jeshi, akaingia chuo cha theolojia London. Alipoambiwa kuna ziwa linalohitaji baharia, akajitolea. Mimi namheshimu kwa hilo: mtu ambaye Afrika ilishamuumiza macho, akakubali kurudi.

Walikuwa wanane. Mmoja alifia Zanzibar kabla hata msafara haujaingia bara. Kwanza walijaribu njia ya mabaharia, yaani kupanda mito kwa mashua ya mvuke: Wami, kisha Kingani, ambao leo tunauita Ruvu. Mito ile inajikunja kama nyoka, unasafiri kutwa na jioni umesogea kidogo tu. Wakaiacha. Mashua yao, Daisy, ikafunguliwa vipande, kila kipande kikapata mabega ya kukibeba, na wapagazi wakaishika njia ya bara kwa miguu. Katika masimulizi mengi wapagazi hao wanapewa mstari mmoja. Lakini bila wao luteni angebaki Bagamoyo akitazama mawimbi.

Mapema mwaka 1877 Smith akafika Kageye. Mwezi Mei daktari wa msafara akafa hapohapo. Mafundi wawili walikuwa wamesharudi kwao kwa maradhi. Mhandisi wao, Alexander Mackay, naye alikuwa mgonjwa, akarudishwa kuelekea pwani. Mwezi Juni Smith na padri Wilson wakapakia Daisy kwenda Buganda, na njiani wakakaribia kisiwa cha Ukara, upande wa kaskazini wa Ukerewe. Watu wa Ukara waliona chombo kigeni kinaingia kwenye maji yao, wakawashambulia kwa mawe na mishale. Wilson alichomwa na mshale wa sumu. Smith alipigwa jiwe, kioo cha miwani kikavunjika, kibanzi kikaingia jichoni. Jicho hilo halikuona tena.

Akaendelea na safari hivyohivyo. Mwisho wa Juni walikuwa mbele ya Mutesa. Smith akamwacha Wilson Buganda, yeye akarudi kusini, akawa anapima hori na ghuba za upande wetu huu kwa jicho moja.

Kilichobaki ni habari ya jahazi la Songoro. Huyu Songoro alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, akiishi Ukerewe chini ya mtemi Lukonge. Alikuwa anaunda jahazi kisiwani, na O'Neill, fundi majengo wa msafara, akalinunua kwa ajili ya misheni, kwa kuwa Daisy peke yake haikutosha watu na mizigo. Mwenye kujua kazi ya kuunda vyombo anajua jahazi si kitu cha mtu mmoja. Kuna miti ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na ya mataruma, yaani mbavu zake, iliyokatwa kwenye msitu wa mtu. Kuna waliopasua mbao, walioziba nyufa kwa kalafati, waliowalisha mafundi. Lukonge alidai miti ni yake na hajalipwa, na kwamba Songoro ana madeni kwake. Halafu anaona jahazi linataka kuondoka na wageni.

Desemba ugomvi ukalipuka. Watu wa Lukonge walimshambulia Songoro, naye akakimbilia kwa Wazungu kuomba hifadhi. Smith alikataa kumtoa. Wakapigana, na Smith, O'Neill na Songoro wakauawa wote.

Kwa miaka mingi kifo hiki kilisimuliwa makanisani kama cha mashahidi wa dini, na simpokonyi Smith heshima yake, maana alikufa akimlinda mtu aliyeomba hifadhi. Lakini chanzo hakikuwa dini hata kidogo. Kilikuwa deni la mbao. Mackay alipopona alirudi ziwani mwaka 1878, akavuka kwenda Ukerewe bila silaha kuonana na Lukonge, na mtemi akamweleza kuwa aliyemtaka ni Songoro. Ukimsikiliza Lukonge kama mwenye mali aliyedhulumiwa, na si kama mshenzi wa vitabu vya zamani, kisa kizima kinaeleweka. Kuua kwake sikutetei. Ila deni lilikuwepo, na mgeni aliyenunua chombo hakujua kwamba amenunua na deni lake.

Kati ya wale wanane walibaki wawili kwenye kazi, Mackay na Wilson, ambaye naye alikuwa ameshuka kutoka Buganda. Waliikuta Daisy Kageye ikiwa hoi, wakaikarabati, wakatweka kwenda Buganda, na mwezi Agosti dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi ya ziwa. Walikaa ufukweni wiki nane. Mackay aliikata mashua katikati, akaondoa sehemu iliyovunjika, akaivuta omo, yaani sehemu ya mbele, mpaka ikakutana na tezi, sehemu ya nyuma, kisha akaziba nyufa kwa mbao za kile alichokiondoa. Novemba 1878 Daisy ikafika Buganda, fupi kuliko ile aliyoiongoza Smith.