Ngoma Iliyopoteza Karatasi Yake

Wageni wengi wanaofika katika makumbusho yetu madogo hapa Mwanza hudhani kwamba kazi ya mhifadhi ni kupangusa vumbi na kuwatembeza wanafunzi. Vumbi tunalipangusa kweli, tena kwa brashi laini na si kwa kitambaa chenye maji, lakini sehemu kubwa ya siku zangu huishia mezani, mbele ya daftari la usajili. Kifaa kilichoandikwa 2014.6.2 ni cha pili katika kundi la sita tulilopokea mwaka 2014. Namba hiyo huandikwa juu ya tabaka jembamba la gundi angavu inayoweza kuondolewa baadaye kwa asetoni, ile ile wanayofutia rangi ya kucha saluni.

Niliielewa thamani ya daftari hilo kwa sababu ya ngoma moja niliyoikuta stoo, ambayo karatasi yake ya utambulisho ilikuwa imeliwa na mchwa ikabaki kamba tupu. Serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, vifaa vya utemi katika Usukuma vilibaki bila kazi yake ya zamani. Vingine vilihifadhiwa Bujora, Kisesa, ambako Padri David Clement, Mkanada, alianzisha Makumbusho ya Wasukuma, na vingine vilibaki mikononi mwa familia. Kwa kuwa ngoma yetu ilikuwa kubwa na nzito, niliiandalia kibao cha maelezo: “Ngoma ya mtemi.” Nakiri kwamba ukubwa peke yake haukuwa ushahidi wowote.

Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu zake aliniomba niilaze ubavu. Alipitisha kidole kwenye ukingo, mahali palipolika upande mmoja tu, kisha akasema, “Mjukuu wangu, hii haijawahi kulala kwa mtemi. Hii ni ya wachezaji.” Alikuwa na maana ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo hadi leo hushindana kuvuta watazamaji katika sherehe za Bulabo kila mwezi Juni. Niliyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe, nikiyatenga na dhana zangu, ili atakayenirithi ajue lipi lilisemwa na nani.

Muda mfupi baadaye niliona chini ya ngoma hiyo unga laini kama wa muhogo, dalili kwamba bungua walikuwa kazini. Vifaa vya mbao tupu huwa tunavifunga vizuri kwenye plastiki na kuviweka kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, lakini ngozi iliyowambwa inaweza kupasuka kwa baridi kali. Kwa hiyo tuliifungia ngoma ndani ya mfuko usiopitisha hewa, pamoja na pakiti za kufyonza oksijeni, tukasubiri wiki kadhaa wadudu wafe kwa kukosa pumzi.

Mzee alirudi baada ya kibao kubadilishwa, akauliza kama inaruhusiwa kupigwa. Nilimweleza kwamba ngozi imechoka na kwamba kanuni zetu haziruhusu. Akaigonga kwa ncha ya kidole mara mbili, nami nikainamia daftari langu kana kwamba sikusikia.