Kichwa kikiwaka moto, si dawa inashika

“Vumilia kidogo, dada, inashika.” Kama umewahi kukaa kwenye kiti cha saluni Wandegeya, Katwe au Arua, maneno hayo unayajua, pengine kwa Kiganda, pengine kwa Kiswahili cha wasusi wetu Wakongo. Mimi niliyasikia nilipomaliza Senior Six. Mnajua ilivyo hapa Uganda: shule nyingi msichana hafugi nywele, kwa hiyo mtihani ukiisha ndipo nywele zinapoanza maisha. Shangazi alinipeleka kutiwa dawa ya kunyoosha nywele zikiwa fupi bado. Kichwa kikawaka, nikavumilia. Nyuma ya sikio la kushoto nina baka lisiloota unywele mpaka leo. Sasa ni daktari wa ngozi, na mgonjwa akianza kunibishia nainama tu, namwonyesha.

Unywele hauna mishipa ya fahamu. Ungekuwa unahisi, kinyozi asingekuwa na wateja. Kwa hiyo ukisikia moto wakati wa dawa, kinachosema ni ngozi, na inachosema ni kwamba inaungua.

Wanaopika sabuni mitaani wanaijua kostiki soda. Hawaishiki bila glavu, na tone likiwadondokea mguuni wanakimbilia maji. Relaksa nyingi za saluni, yaani dawa hizo za kunyoosha, zimetengenezwa kwa kostiki hiyohiyo. Kipimo cha pH, kinachoonyesha kitu kina asidi au alkali kiasi gani, huenda kutoka 0 hadi 14. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, relaksa imepita 12, na kila hatua moja katika kipimo hicho ni mara kumi. Hatua saba ni mara milioni kumi. Kazi yake ni kukata vifungo vya salfa vinavyoshikanisha nyuzi za keratini, protini inayoujenga unywele. Vikishakatika, msusi anaulaza kwa kitana, nao haujikunji tena, ndiyo maana unarudi saluni kwa ajili ya mizizi iliyoota upya tu. Lakini ngozi nayo ina keratini, na dawa haichagui.

Kuna makopo yanayotangazwa kuwa hayana kostiki, mara nyingi yakiwa na picha ya mtoto anayecheka. Ndani mna kalsiamu haidroksaidi, ambayo unaichanganya na maji ya guanidini kabla ya kupaka. Inauma pungufu kidogo, ila pH yake nayo imepita 12. Picha ile imewadanganya akina mama wengi, na mimi huwahudumia watoto wao wakiwa na vidonda vinavyotoa maji.

Kidonda kidogo hupona. Kikienda chini hadi kwenye shina la unywele, panabaki kovu, na juu ya kovu hapaoti kitu, hata upake mafuta ya bei gani. Wengine huharibikia pembeni mwa uso: wametiwa dawa, kisha wiki hiyohiyo wamesukwa rasta za kubana. Nywele iliyokwisha dhoofishwa ikivutwa, inang'oka. Kati ya yote ninayoyaona kliniki, hilo ndilo lingeepukika kirahisi zaidi.

Sasa kansa, maana ndilo swali linalowaleta wengi. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kwamba kama 1.64 katika kila 100 wangepata kansa ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, ilikuwa 4.05. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini si jambo la kupuuza. Kinachodhaniwa ni kemikali zinazochezea homoni, na ngozi iliyoungua huzifungulia mlango.

Hapa lugha yetu inatuchanganya. Tukisema “kansa ya kizazi”, wengi wanaelewa ile ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Ile huletwa na virusi vya HPV, haihusiani na nywele zako. Mama mmoja aliniambia ameacha relaksa kwa hiyo hana haja ya kupimwa. Nilimtuma akapimwe siku hiyohiyo, na binti yake wa miaka 10 akachanjwe.

Kinachonitia hofu zaidi siku hizi ni dawa ya kunyoosha inayoitwa keratini au ya Brazili. Nyingi hutoa fomaldehaidi, ambayo ikiwa kwenye maji ndiyo fomalini ya mochwari. Mwaka 2018 Kampala nzima ilipiga kelele kuhusu wauza nyama waliodaiwa kuipaka fomalini ili nzi wasitue. Tuliigomea nyama, kisha fomalini hiyohiyo tukailipia saluni! Pasi ya nywele ikipita juu yake, inapanda kama mvuke: macho yanatoa machozi, koo linakereketa. Tangu 2004 wakala wa utafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani umeihesabu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Mteja anaivuta mara chache kwa mwaka. Msusi anaivuta kila siku, madirisha yamefungwa vumbi lisiingie.

Zile zinazojisifu kuwa hazina fomaldehaidi, soma kama zina asidi ya glaioksiliki. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa waliripoti msichana ambaye figo zake ziliumia mara tatu, kila mara baada ya kunyooshwa nywele kwa dawa yenye asidi hiyo.

Kama bado unataka dawa, na sikukatazi, usikune kichwa wala kufumua rasta siku moja kabla. Chenye kidonda hakipakwi. Acha wiki nane au zaidi katikati. Na kabla hujaketi, uliza maji. Mgao wa maji unapoanza, saluni nyingi hubaki na jerikani moja, na jerikani moja haitoshi kuosha kichwa kinachoungua. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, ndipo uende hospitali.

Majuzi msusi mmoja aliniuliza afanye nini mteja akisema inawaka. Nikamwambia amwoshe palepale, hata kama ni dakika ya tatu. Akacheka: “Daktari, nywele hazitalala, na hatanilipa.”

Ni kweli, wengine hawatamlipa.